Daftari la Lindo

Duka ninalolinda linauza bati,
misumari ya inchi tatu, vitasa, bawaba, rangi za ukuta,
vitu vyote vya nyumba
ila nyumba.

Tajiri hataki mtu alale barazani.
Alinikabidhi tochi, rungu, daftari la kurasa mia
na dumu la oili chafu: "Mwaga sakafuni kila magharibi,
tuone nani atajilaza."
Oili imeishia kwenye nguzo za banda la Mama Nyamizi,
mchwa wakahama.
Nami kila asubuhi naandika: Hali shwari.

Shwari ni neno pana.
Ndani yake analala Bi Kalunde,
aliyeshuka gari moshi la Mpanda na tiketi ya kuja tu,
shemeji zake walipobadilisha kufuli matanga hayajaanuliwa.
Stesheni walimvumilia kwa ajili ya tiketi.
Wino ulipofutika, uvumilivu nao ukafutika.
Tiketi anayo bado, kaifunga pembe ya kanga.

Ndani ya shwari yumo Mlekwa,
aliyepakia marobota ya tumbaku hadi kifua kikamgomea.
Yumo Sizya, na mtoto mwingine asiyetaja jina;
kila nikimwuliza hunipa jipya.
Juzi alikuwa Jumatano.

Mwezi wa saba, baridi ya Tabora haibishi hodi.
Inapita chini ya boksi, inatafuta mfupa.
Boksi la vigae lina joto kuliko la misumari,
hilo nimefundishwa na Sizya.

Wageni wakubwa wakitarajiwa, mji hufagiwa,
na mgambo hupita na pikapu.
Ramia wa kahawa ndiye huwahi kuwaona.
Vikombe vyake vikilia viwili viwili, ni kahawa.
Vikilia mfululizo, bila pumzi,
si kahawa.
Mama Nyamizi hufungua mlango wa nyuma wa banda,
nami nabaki peke yangu na tochi,
mlinzi hodari, baraza tupu,
maboksi manne bado yana umbo la migongo.

"Wako wapi?"
"Akina nani?"
Mmoja wao aliinama, akagusa boksi kwa kiganja.
Boksi likamwambia.
Alinitazama, kisha akawageukia wenzake: twendeni.
Nadhani ni kijana wa Ng'ambo.
Sijapata kumshukuru.

Msinisifu. Yupo niliyemfukuza.
Mwaka wa kwanza, mvua inanyesha,
mwanamume mwenye kofia ya sufi,
kwa rungu hilihili, kwa kuogopea mshahara.
Alitii upesi, kama mtu aliyezoea.
Alisema samahani.
Yeye, kuniambia mimi.
Sijui alikoelekea.
Asubuhi ile pia niliandika: Hali shwari.

Jana usiku kikohozi cha Mlekwa kilikatika saa tisa.
Nikasogea na tochi, nimeiziba kwa vidole,
nikasubiri kifua.
Kikachelewa.
Kikapanda.
Nikakaa palepale hadi adhana, nikihesabu.
Kumbe Bi Kalunde naye yu macho,
anahesabu upande wa watoto.

Kulipopambazuka mkono wangu ukaandika shwari wenyewe.
Nikalikata neno kwa mistari miwili.
Chini yake nikaandika:

Usiku wa leo, barazani, watu wanne.
Wote wamepumua mpaka asubuhi.
Dumu la oili ni tupu.

Sasa ni saa moja na nusu. Sizya anafagia.
Bi Kalunde anakunja boksi la vigae
kwa mikunjo yake ya zamani,
kama anayekunja shuka alilotandikiwa mgeni.
Gari la tajiri naliona, linakata kona ya stesheni.
Upepo unataka kugeuza ukurasa.
Nimeukandamiza kwa kitasa.