Macho ya Ng'ombe

Gia imerudi kutoka Uru ndani ya kiroba,
meno matatu hayapo.
Karani wa kinu cha kumenyea kahawa
ameandika kwa kalamu nyekundu: MSIMU UMEANZA.
Amepiga mstari mara mbili.

Nakata kipande, ukubwa wa kidole gumba.
Msasa wa mia mbili na arobaini, wa mia nne, wa mia sita,
maji yakitiririka, geuza, sugua tena,
mpaka chuma kinionyeshe pua yangu.
Kisha tone la asidi, hesabu hadi saba,
suuza kwa spiriti, kausha kwa kile kikaushia nywele
nilichonunua Kiboriloni.

Unajua kinachotakiwa kuonekana?
Mipira. Grafiti iliyojikunja, nyeusi tii,
kila mpira umevaa pete nyeupe ya feraiti
na nje yake pealaiti, milia kwa milia:
macho ya ng'ombe, ndivyo tunavyoyaita hapa Njoro,
zizi zima limekukodolea, halipepesi.
Chuma cha namna hiyo ukikigonga kinaitika, ngaa.
Kikilemewa hupinda kwanza,
hukupa nafasi ya kuzima mashine.

Leo chini ya hadubini
hakuna ng'ombe.
Minyoo. Makapi ya chai.
Mpira mmoja pale, umeliwa ubavu,
na ufa umepita humo humo, kapi hadi kapi,
kama mtu anayejua vichochoro vya kwao.

Ndewirwa amesimama mlangoni, glavu kwapani.
Zipo nyingine kumi na moja za mkupuo ule, anasema.
Tuzirudishe tanurini? Nyuzi mia tisa, saa mbili,
halafu tuzizamishe kwenye chumvi ya moto, mia tatu na sitini,
zilale humo saa moja na nusu.
Si ndivyo tulivyoziponya zile puli za Januari?

Zile zilikuwa na mipira, Ndewirwa.
Tanuri hubadili nyama tu, mfupa haliugusi.
Sura ya grafiti huamuliwa siku ya kumimina,
dakika chache, magnesiamu ingali hai.
Udongo uwahi ungali maji: waliosema hivyo
hawakuwahi kuona chuma kikitokota.

Anatikisa kichwa, taratibu. Hasemi lile jingine.
Lakini analikumbuka, nami najua analikumbuka:
ndoo ikining'inia kwenye kreni,
ule mwako mweupe umeshatulia,
yeye akiuliza, nimimine?
na mimi juu ya ngazi, kijiko cha sampuli mkononi,
ngoja, nipime tena.

Dakika kumi na tisa.
Magnesiamu haiagi.

Fomu ina mistari minne chini ya neno CHANZO.
Mhandisi Kileo hupenda mmoja:
*mmiminaji alichelewa*, basi, anatia sahihi, anakunywa chai.
Naandika dakika. Naandika nani alisema ngoja.
Mkono unatetemeka kwenye herufi za jina langu,
nalijaza hata hivyo, la ukoo nalo.

Uani, manyunyu ya Julai, Ndewirwa ameshika nyundo.
Anaigonga kila gia kwanza, kidogo, anasikiliza.
Du.
Du.
Du.
Halafu ile yenye namba moja ubavuni,
ya kwanza kumiminwa:
ngaa.

Anainua uso kuelekea dirishani kwangu.
Sauti bado inazunguka juu ya mabati.

Vunja, namwambia.
Hiyo nayo.