Nukta Haihami

Nilipouliza ipi kubwa,
sifuri nukta tisa au sifuri nukta tatu tano,
darasa la sita B, vichwa themanini na vinne,
likajibu kwa sauti moja iliyotikisa nondo za madirisha:
"Tatu tanooo!"
Na Ngwale wa dawati la mwisho akatoa na hoja:
"Thelathini na tano, mwalimu, inaimeza tisa
na chenji inabaki."

Ndege ikapita juu ya Kiwalani, chini kabisa,
tukanyamaza kama kawaida yetu mpaka itue.
Hakuna mwalimu huku anayeshindana na injini.
Nikaitazama chaki mkononi.
Miaka kumi na mmoja nimeichora nukta ubaoni,
nukta ya vumbi, mtoto akipitisha mkono inafutika.

Kesho yake nikaja na mifuko mitupu ya saruji,
nimeikung'uta tangu alfajiri hadi kope zikawa nyeupe,
na utepe wa kupimia nilioazima kwa fundi cherehani
aliyeniapisha niurudishe kabla ya adhuhuri.

Kateni ukanda wa mita moja.
Huo ni moja. Huo ni mzima, msiuonee.
Sasa ukunjeni mara kumi, zilizo sawa.
Hapo ndipo zogo lilipoanza,
maana nusu inakunjika, robo inakunjika,
lakini kumi ina kiburi, haikubali kukunjwa kwa pupa.
Shamte alipata kumi na moja akabisha ni kumi.
Tukavihesabu mbele yake. Akacheka kabla yetu.

Kisha kipande kimoja cha kumi tukakikata tena kumi,
vijipande vya upana wa ukucha,
vinavyopeperuka mtu akipiga chafya.

Ngwale alipanga tisa vipana sakafuni.
Chini yake akapanga vitatu vipana, na vitano vya ukucha.
Akatazama. Akavizoa vyote, akapanga upya,
kama mtu anayehesabu tena pesa akihisi kapunjwa.
"Mwalimu," akasema polepole, "tatu tano ni fupi."
Kisha, kwa sauti ya kwake peke yake:
"Na mimi Luku ikiandika hivyo
namwambia mama bado tunao mwingi."

Hakuna aliyecheka. Nyumba ngapi pale zilishalala gizani
kwa hesabu ileile?

Alhamisi tukatoka uwanjani.
Mbili, nne, saba: watoto watatu wenye namba vifuani,
na Sikudhani, aliyehamia muhula huu
na ambaye sijawahi kusikia sauti yake,
nikampa kizibo cha soda akishike: wewe ndiye nukta.
Simama kati ya mbili na nne.
Tukizidisha kwa kumi, namba zisogee kuelekea tenki la maji.
Tukigawanya, kuelekea vyooni.
(Tangu siku hiyo hawapendi kugawanya.)

"Zidisha!" nikaita,
na Shamte, ambaye ni saba na ana haraka,
akamsukuma Sikudhani apishe njia.
Akakita miguu mchangani, kizibo kifuani:
"Mimi sihami. Hameni nyie."

Miaka kumi na mmoja
nimefundisha kwamba nukta inaruka.
Nikaandika maneno yake kwenye andalio la somo
bila kusema nimeyatoa wapi.

Wiki ile pia tuliona kuwa nukta tano na nukta tano sifuri
ni ukanda uleule, sifuri ya mwisho haikuongeza hata ukucha.
Nikaikumbuka hati yangu ya mshahara,
jinsi inavyojipamba mwishoni kwa sifuri mbili.
Hilo sikuwaambia.

Utepe niliurudisha saa tisa. Fundi hakunisalimia.

Jumatatu Ngwale alichelewa, jasho shingoni.
Nikamuuliza alikuwa wapi.
"Nimetumwa kununua umeme."
Umekatika?
"Bado. Umebaki nukta tisa,"
akasita, akapima hewa kwa vidole viwili,
"hapana. Nukta sifuri tisa."
Akaenda kukaa.