Kinanda cha Msongola

Mchwa walianza na kanyagio la kushoto,
kisha noti ya la, ile ya katikati, ikanyamaza.
Mwalimu Eliaichi hakuita fundi.
"Hiyo mtaiimba nyinyi," alisema,
akaendelea, viatu kavua,
mguu wa kulia ukivukuta peke yake.

Miaka arobaini na mitatu tukaiimba.
Ada tulilipa kwa mihogo.
Do-re-mi tuliisoma nyuma ya kalenda ya benki;
aliyekosea alitazamwa tu, juu ya miwani.
Vidole vilipopinda
akapiga kwa vifundo.

Jumamosi tulimzika.
Vijana wa Ilala walileta kinanda cha umeme,
sauti zote zimo,
hata ile.

Ilipolia, kwaya nzima tulinyamaza,
kama mwenye nyumba
anayepigiwa hodi kutoka ndani.