Anza na Laini

Idarusi, usiwashe kwanza.
Laza sponji juu ya boneti, ikae bapa,
ndipo uguse swichi. Ukiwasha hewani
dawa itaruka hadi darini, na Balvinda
atakuonyesha matone ya waliokutangulia:
kayazungushia duara kwa kalamu, na tarehe.
Langu ni lile karibu na feni.

Saa tisa na nusu, na Koventri imeshaaga jua.
Chumvi ya barabarani inayeyuka kizingitini.
Vuta shuka ya mlango, tupate kuona.

Gari ni Rova ya kijani, imekuzidi umri.
Marehemu mume wa Bi Morini aliifuta kila Jumapili
kwa kitambaa kikavu na mapenzi mengi.
Shusha taa. Isogeze kando. Hapo.
Umeuona utando wa buibui, duara ndani ya duara?
Ndiyo mapenzi yenyewe hayo,
miaka thelathini, bila tone la maji.

Sponji ziko nne ukutani.
Ya sufu ni mbuzi: inakula, haichagui.
Ya chungwa inakata kwa adabu.
Ya njano inasahihisha.
Nyeusi, bonyeza uone, laini kama boflo la asubuhi,
haikati kitu; kazi yake
ni kuomba radhi kwa makosa ya dada zake.
Wewe utaitamani ya sufu. Kila mgeni huitamani.
Anza na laini, mraba mmoja, kama kiganja mara mbili,
futa, mulika, tazama.
Ikishindwa, panda.
Kupanda unaweza wakati wowote. Kushuka,
rangi ikishaondoka, hakuna ngazi.

Namba moja ni ya kusambaza dawa, kama siagi.
Namba nne ndiyo kazi.
Tano, uwe na sababu na uweze kuisema.
Sita
sijui waliiweka ya nini.
Mkono wako uende mwendo wa sisimizi mwenye punje ya sukari,
mstari, na mstari unaoukanyaga nusu.
Uzito wa mashine unatosha;
usiongeze na wa kodi ya nyumba.
Methali ya haraka sikutajii, unaijua,
nami nilikuwa naijua siku ile:

Audi nyekundu, mwaka wangu wa kwanza.
Sufu, namba sita, ukingo wa mlango, bila tepu,
na simu ya nyumbani ikitetemeka mfukoni.
Sikusikia mlio wowote.
Sponji tu iligeuka nyekundu.
Nikasingizia baridi. Nikasingizia kutu.
Balvinda hakubisha. Alikata paundi kumi
kila Ijumaa hadi maua yakachanua,
na kila Ijumaa alinihesabia mwenyewe, polepole,
noti zilizobaki.

Kwa hiyo pima. Katikati, mia moja na kumi.
Ukingoni, themanini na mbili.
Vanishi yote tunayoichezea hapa
ni nusu ya unene wa unywele wako.
Ukihisi joto kwa nyuma ya mkono, acha.
Bati likikuunguza wewe, rangi imeshaungua zamani.

Bandika tepu kwenye kingo, kwenye mpira wa kioo,
na hapa, chini ya kitasa cha dereva.
Vihilali hivi ni vya pete na kucha,
mkono uleule, mahali palepale.
Ya njano ingevimaliza kwa dakika mbili.
Bi Morini alivigusa kwa kidole, kavua glavu kwanza,
akasema hivi, hapana.
Sikumuuliza.
Bandika tepu mbili.

Haya, washa. Ukimaliza paneli
sugua sponji kwa brashi, isikaukie na dawa,
kisha njoo unywe chai.
Na lile gari la kijivu hapo nje, lenye tope hadi madirishani,
lipite tu, usiulize la nani.
Kinyozi hajinyoi.