Daftari la Kesi

Mume wangu Mdachi leo ameshinda kesi.
Ameingia na hukumu kwenye mfuko wa nailoni,
kaishika kama mtu aliyebeba mayai:
"Mama Lameki, mistari ni yetu."

Mistari miwili ya mizabibu,
huku Hombolo, kwenye mteremko wa bwawani,
kati ya shamba letu na la mdogo wake, Chilewa.
Miwili. Niliihesabu siku ya kwanza,
nikairudia nikidhani nimekosea.

Daftari naliweka mimi.
Baraza la kata: jogoo, kwa mpiga chapa.
Nauli ya Dodoma mjini, kwenda na kurudi,
mara arobaini na moja.
Mara tisa hakimu yuko likizo. Mara sita faili halionekani.
Chai na chapati za shahidi
ambaye hakuona kitu, ila alikula vizuri.
Mbuzi wawili, kisha yule jike mwenye mimba.
Bati za chumba cha watoto
zikaenda kumwezeka wakili.

Fedha nimeziandika. Siku sijui niziandike wapi.
Misimu mitatu ya kupogoa ilimkuta kwenye benchi la mahakama,
mkasi ukutani unakula kutu.
Mzabibu haungoji kesi itajwe.
Mchwa hawakupelekewa wito,
walifika wenyewe.

Niliwahi kumwambia:
chukua mmoja, mwachie mmoja, tulale.
Akaniuliza Chilewa ananilipa shilingi ngapi.

Jioni tumekwenda kuitazama mali yetu.
Upepo wa Julai, vumbi jekundu mpaka kwenye meno.
Vigingi. Waya. Mdachi akashika shina moja,
likang'oka lote, bila ubishi.
Upande wa pili Chilewa alikuwa anachanja kuni.
Hawakusalimiana.

Usiku Perusi, mke wa Chilewa,
kaja mlango wa nyuma kuazima chumvi.
Chumvi anayo, najua.
Akauliza, "Ninyi ilifika ngapi?"
Nikalifungua daftari chini ya kibatari.
Akacheka kwa kujiziba mdomo,
akafungua pindo la khanga, akatoa la kwake.

Tukajumlisha mara mbili, penseli moja.
Tungepata ekari tatu kule Makang'wa,
na chenji ya kununulia benchi refu
waume zetu wakae wote wawili,
wanuniane bure.