Chungu Dirishani

Karani, nimeileta fedha. Usitazame mikono yangu,
tazama chungu.
Mpiga mbiu alipita Gongoni juzi, akarudi jana:
kila mwenye karatasi za Mdachi
aje nazo bomani zihesabiwe, ziandikwe.
Hakusema zitalipwa. Nilimsikiliza vizuri.

Zilikuwa rupia kumi na mbili.
Msonde alizitafuta siku arobaini,
sanduku la risasi kichwani,
kutoka stesheni hadi huko ambako reli haifiki.
Aliyerudi nazo ni mwenzake, Kapembe,
zimekunjwa ndani ya kipande cha kaniki.
Kaniki niliitambua kwanza.

Kisha nikaitambua karatasi.
Ya kahawia, ile ile
aliyofungia sukari Mhindi wa dukani
kabla sukari haijawa hadithi.
Muhuri wa zambarau umekaa upande,
na sahihi ya mtu aliyechoka kutia sahihi.
Nikasema moyoni: sukari wameimaliza,
sasa wanatulipa ganda lake.

Soko lilizipokea shingo upande.
Muuza chumvi alitaka mbili kwa kibaba cha moja.
Rupia ya fedha ukiiangusha jiweni, inaita;
hii ukiiangusha,
unaingoja ifike chini.

Basi nikafanya alivyofanya mama
na rupia zake za enzi ya misafara:
nikachimba mvunguni mwa kitanda,
nikafukia chungu, nikasiliba, nikalala juu yake.
Fedha huwekwa ardhini. Ndivyo tulivyolelewa.
Hakuna aliyeniambia kwamba hii ni chakula.

Mizinga ikalia upande wa Itaga.
Bendera ikashuka, nyingine ikapanda,
Bula Matari wakaingia na mbuzi wa watu.
Nikafukua.

Haya, hesabu.
Udongo huu mwekundu ni kumi na moja na nusu.
Nusu iliyobaki ndiyo hii, ina ubawa wa ndege
na herufi tatu; wewe uliyesoma, niambie
zinaanza neno gani.

Mchwa hawakuuliza ni ya serikali ipi.
Hawakuigeuza juani, hawakuguna.
Katika Tabora nzima ni wao tu
walioipokea bila kupunguza.

Unacheka. Cheka, lakini andika.
Usiandike "hakuna kitu."
Andika Msonde wa Ngasa, siku arobaini,
na mbele ya jina hilo acha nafasi,
hata kama hakuna atakayeijaza.

Udongo baki nao, ni wa serikali.
Chungu nirudishie. Hicho bado kinafaa.