Jaruba la Ndahani

Mwaka wa tatu huu, jaruba la Ndahani hapa Bahi
lina maji mpaka kifundoni
na mpunga una kiu.

Ncha za majani zimebabuka, nyeupe,
kama karatasi iliyosogezwa kwenye kibatari.
Jirani alisema mbolea; tukamwaga mbolea.
Akasema maji; tukafungua mfereji,
tukazidi kuleta tulichokuwa tunakikimbia.

Jua likipanda, tuta linaota ukoko.
Naugusa, naramba kidole.
Ulimi hauhitaji maabara.

Afisa kilimo, binti mwembamba, mabuti yamemzidi,
alichuchumaa akachora mzizi mavumbini:
"Chumvi ikizidi nje, mama,
maji hayaingii. Hata yaliyomo yanavutwa kutoka.
Na potashi ikifika mlangoni
inakuta magadi yamekalia kigoda chake."

Ndipo nikamkumbuka bibi Mbeleje.
Kiangazi alikwangua udongo huu huu,
akauchuja kwa kibuyu kilichotobolewa,
akachemsha hadi majogoo,
akaenda nayo Kigwe, akarudi na debe la mtama.
Hapa hakuwahi kupanda hata mlenda.
Sisi tukadhani ni uvivu.

Juzi limeshushwa nusu lori la jasi, la mkopo.
Ndahani anachimba mtaro mwingine,
wa kutoa maji, si wa kuleta.
Haongei. Jembe linaongea.

Mimi nimechukua sufuria na kijiko kibovu,
nakwangua pembeni ya tuta.
Mavuno sijui.
Mlenda wa leo umeshapata chumvi.